Taa Inayopepesa Ndani ya Jicho la Odeta

Odeta Shigela anafumba macho, na taa ndogo inaendelea kupepesa pembeni mwa jicho la kushoto, haraka haraka, kama mtu anachezea swichi. Bandani hakuna taa. Ni saa mbili asubuhi, mvua inanyesha, na mafundi wa nyavu wa mwalo huu wa kupokelea samaki, jirani na Igombe, wamehamia ndani.

Anafumbua. Anaukaza wavu wa dagaa kwa kidole gumba cha mguu, anapitisha sindano.

"Nilianza kuiona nikiwa darasa la tatu," anasema Odeta, 23, fundi pekee wa kike hapa. "Nikamwambia mwalimu. Akanichapa, akasema nimeanza uongo mapema."

Jioni, mwanga ukipungua, hakuona vizuri. Aligonga madawati, alikanyaga ndoo za watu. Alipofika darasa la tano akaacha shule, na hakuna aliyekuja nyumbani kuuliza.

Mwaka huu ndipo alipopimwa na Dk. Kausar, daktari wa macho mjini Mwanza. Aliambiwa kwamba chembe zinazopokea mwanga nyuma ya jicho zinakufa, kuanzia pembeni. Zinazofuata bado ni hai, na zimeunganishwa kwa vijitundu vinavyopitisha umeme kutoka chembe hadi chembe. Zikikosa habari ya mwanga, zinaanza kutoa umeme zenyewe, pamoja, kwa mpigo mmoja. Ubongo unadhani ni taa.

Odeta anaeleza kwa wavu ulioko mapajani. "Tikisa fundo hili, na jirani yake anatikisika. Wavu wa machoni mwangu unajitikisa bila mkono wa mtu."

Dawa ya kuzirudisha chembe zilizokufa hakupewa. Lakini hasira yake haiko kwa ugonjwa.

"Miaka yote hiyo naitwa muongo. Hapa wakaongeza, mlevi."

Wiki iliyopita alijikwaa kwenye rundo la nyavu kule mwisho wa banda, gizani, anakokaa kushona, akaanguka kifudifudi. "Dada, leo umeanza na ngapi?" aliuliza msimamizi, Mihayo, na mafundi wakacheka. Kisha akamwonya: akianguka tena, asirudi.

Desturi ya banda ni kwamba mlangoni, penye mwanga, hukaa aliyetangulia kazini. Odeta ana miaka minne ya kazi. Pale mlangoni yupo mzee Ngosha, mwenye thelathini, sindano mkononi, kidevu kifuani.

"Anasinzia kwenye mwanga ninaouhitaji," Odeta ananong'ona.

Mihayo anaingia, anakung'uta mvua. "Wavu wa yule mteja, Nkwabi, umeisha?"

"Bado."

"Jana bado, leo bado. Au unashona umelala?"

Mafundi wanacheka. Odeta anaweka sindano chini. Anapapasa ukuta mpaka mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," anajibu Ngosha, akishtuka.

"Naomba unipishe hapa."

"Nikupishe niende wapi, mjukuu wangu?"

"Nafasi hiyo haiombwi," Mihayo anadakia. "Inasubiriwa."

Odeta anageukia sauti ilikotoka. Anachotaka kusema hajamwambia hata mama yake.

"Mimi sina muda wa kusubiri. Ninapofuka. Sijawahi kuonja pombe, ninapofuka, na mnanimalizia macho yangu gizani. Nataka vidole vyangu vijifunze kila aina ya wavu nikiwa bado naona, ili siku hiyo ikifika niendelee kushona. Na nitashona hapa hapa, Mihayo. Babu, nipishe."