Nilienda Nyantende Kulinda Kawa ya Babu

Niliondoka kwetu Nyalukemba, mu Bukavu, na hasira. Jirani mumoja alirudi kutoka misa ya Nyantende, kijiji cha babu, akatuambia Tante Nsimire, dada mukubwa wa papa, iko ananoa panga. Anataka kukata miti yote ya kawa ya babu, apande maharagi. Papa aliacha kula, akaangalia mulango. Ile kawa njo ilimusomesha mpaka akapata kazi ya ofisi, ya bureau, na mimi siwezi kuona papa yangu anakaa vile.

"Papa, kesho ninaenda. Hata muti moja hautaanguka!"

"Na wewe, kawa ulishakunywa siku gani?"

Kwetu tunakunywa chai. Nikaenda kutafuta viatu.

Asubuhi nilipita mutaa wa Essence, nikafika Panzi kwa miguu, sababu siku zile za vita magari yalikuwa yanaogopa barabara. Mbele ya pale kulikuwa barrière, askari bamefunga barabara. Soldat mumoja akanisimamisha.

"Petit, unaenda wapi?"

"Nyantende. Kulinda kawa."

"Na silaha gani?"

"Na kinywa."

Akaita mwenzake: "Yaka! Kuja uone général ya kawa!" Bakacheka vizuri. Damu ilinipanda, lakini bunduki ilikuwa kwao. Nikapita na adabu mingi.

Nyantende, Tante alikuwa katikati ya migomba, panga mukononi. Miti ingine ya kawa ilikuwa imeshalala chini.

"Asinge, Tante."

"Asinge, mwana wa bureau. Papa yako alikutuma kulia?"

Nikapiga kelele: babu, familia, heshima, yote. Akaniacha nimalize, kisha akaniingiza nyumbani. Mifuko ya kawa ilifika karibu na paa.

"Tangu vita, munuzi hapandi tena huku. Hii nipike na mboga ya sombe?"

Kwa pembeni niliona kafuko kadogo, peke yake.

"Ile iko ya musitari babu alipanda chini ya migomba," akasema. "Alikataza tuichanganye na ingine. Munuzi alikuwa analipa bei ileile na kutucheka, lakini muzee alikataa mpaka kufa."

"Sababu iko tamu!"

"Nani alikuambia? Mimi nimezeeka ndani ya kawa, sijaonja hata tone. Tunalima, tunauza, bengine banakunywa. Wewe uliionja?"

Nikaangalia paa.

"Basi tuonje leo. Ikiwa tamu, musitari wa babu unabaki. Ikiwa mubaya, wewe mwenyewe utashika panga."

Nikasema aniachie moto, batu ba mujini tunajua. Nikamwaga kawa ndani ya sufuria na maganda yake, vile inakaaka kwa mufuko. Maganda yakashika moto. Moshi ukajaa jikoni, kuku zikakimbia, na jirani, Maman Cikuru, akaingia mbio na ndoo ya maji.

"Eh! Nilifikiri banachoma nyumba, kumbe iko mutu wa Bukavu anapika!"

Tante akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatwanga ingine polepole kwa kinu maganda yatoke, akapepeta, akakaanga na moto kidogo. Harufu ikaanza kutembea. Maman Cikuru akavuta kiti, hakuna mutu alimualika.

Tante akakunywa. Akakunja uso.

"Iko chungu."

Nikaangalia panga. Akakunywa tena, akafunga macho.

"Ngoja... nyuma yake kuna kitu. Sawa vile tunda ya maracuja, uchachu na utamu." Akakunywa tena. "Kumbe muzee alikuwa anaikunywa mu siri!"

"Niongezee," Maman Cikuru akasema, kikombe mbele. "Hiyo maracuja bado sijaiona."

"Musitari unabaki," Tante akaniambia. "Kwengine kote, maharagi. Batoto habashibe harufu."

Nikafungua kinywa nibishe. Akaniwekea kitunga mikononi, ndani kawa kidogo ya babu.

"Ukilinda, utachuma. Msimu ukifika, nikuone hapa."

Kwa kurudi, soldat aliniita: "Général! Ulishinda?"

"Musitari moja," nikajibu, nikamupatia kawa kidogo. "Lakini utoe maganda kwanza!"

Nyumbani papa alikunywa kikombe polepole, akaomba kingine.

"Nini ilibaki?"

"Musitari wa babu."

"Ile njo nilikuwa naogopea."

Basi, ninyi benye munapenda kugombana sawa mimi, mujue: kwa Tante Nsimire unaingia na kelele, unatoka na kitunga. Msimu umefika: hii naiandika chini ya migomba, vidole vinanata maji ya kawa, na yeye iko ananiita. Anasema nimeruka tunda moja jekundu.