Jani la Isale kwa Kasuku

Juzi nilimkuta mjukuu wangu amembana kasuku wake kifuani. Nilimkemea, kisha nikanyamaza, maana hata mimi nilianza hivyohivyo.

Baba aliponiambia nichague kasuku mmoja mdogo kwenye tenga, nilimchukua aliyekuwa kimya kuliko wote, nikidhani ana adabu. Kumbe alikuwa na hofu. Nilimkumbatia mpaka akanidona, nami nikamzaba kikofi. Siku mbili hakugusa ndizi niliyompa.

"Wewe, umemkosea huyo," mama alisema, mikono ikimnuka kahawa mbichi. "Atakufa na hasira zake."

Kwetu Kilema, uliyemkosea unampelekea jani la isale, naye hawezi kukataa kukusamehe. Basi nilichuma jani mpakani mwa shamba, nikamshikia kasuku pamoja na kipande cha ndizi. Nilikaa alasiri nzima bila kutikisika, nikisikia maji ya mfereji tu.

Mwishowe alisogea, akala ndizi mkononi mwangu. Leo najua alizoea mkono uliotulia. Ndege hajui isale. Siku ile nilikimbilia jikoni nikipiga kelele, "Mama, amenisamehe!"