Gunia la Watu Wawili

Gemu ya Kaberia haikumkubali mtu mmoja. Ilikaa ndani ya sanduku la mbao katika duka la Cicily, pale Nkubu. Ukiweka sarafu peke yako, wale wanaume wawili kwenye skrini walisimama tu na gunia la kahawa kati yao, kama wanakamati wanaongojea soda. Mpaka mtu wa pili ashike kijiti chake cha kuchezea ndipo walibebe mlimani hadi kiwandani.

Waliitengeneza wakiwa watatu, nyuma ya saluni. Karwirwa alichora, Ireri wa kutoka Embu akagonga sanduku, Kaberia akaandika programu. Walikula githeri kwa sufuria moja na kubishana hadi majirani wakadhani ni kanisa jipya. Halafu Karwirwa akapata kazi ya matangazo Nairobi. Ireri akarudi kwao kuoa, na ndoa ikammeza mzima mzima. Hata simu hashiki.

Kaberia akabaki na mashine. Mteja akija peke yake, Kaberia ndiye aliyekuwa mwenzake. Alishinda hapo bega kwa bega na walimu, wauza ndizi, watu waliokuja kuona wagonjwa hospitalini. Kwingine kote hakuna aliyemwita hata kwa chai.

Siku moja Cicily akamwambia, "Kaberia, unanifukuzia wateja. Mtu anataka kucheza, si kuchumbiwa. Fanya gemu ya mtu mmoja, ama utoe hilo sanduku niweke friji."

"Gunia la kahawa halibebwi na mtu mmoja, mama."

"Nani alikudanganya? Mamako alikuwa anabeba na nani?"

Kaberia alienda nyumbani akachora mwanamke aliyeinama, gunia mgongoni, mkanda wa ngozi umembana paji la uso. Programu ikakubali mara ya kwanza, muujiza ambao hata wahubiri wa sokoni hawajaudai.

Wiki hiyo duka likajaa. Friji ikasahaulika. Vijana wa bodaboda walimpandisha yule mama mlima wakimpigia kelele kama nyanya yao, "Cucu, kaza shingo!"

Kaberia akasogea kwa mazoea, akashika kijiti cha pili. Aliyekuwa akicheza akamsukuma kwa kiwiko bila kugeuka.

"Mzee, hii ni ya mtu mmoja. Panga laini."

"Lakini mimi ndiye niliyeite—"

"Hata kama."

Laini ilikuwa imefika mlangoni. Kaberia akaenda akasimama mwisho. Akamuuliza aliyekuwa mbele yake kama amewahi kucheza hii gemu. Huyo alikuwa amejaza muziki masikioni; hakusikia.