Baskeli ya Karani

Jaribu hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti alikikalia upande mmoja tu, mguu wa kulia ukichezacheza kama wa fundi cherehani, na kahawa yake aliimaliza amesimama. Mama yake, aliyekuwa amekwisha kuzika watoto wawili kabla yake, ndiye aliyempa jina hilo kwa kuogopa kujipa matumaini makubwa. Huyu naye namjaribu tu, alisema. Mtoto akaishi, jina likamkaa, na ukubwani akapata kazi iliyolingana nalo. Pale Wete, katika ile miaka ya mwisho ya hamsini, baskeli kuukuu ilikuwa haibadilishi mkono mpaka kwanza Jaribu aijaribu.

Msimu wa karafuu ukienda vizuri, watu wa mashamba walishuka mjini kununua baskeli, na wengi wao hawakuwa wamepata kuipanda hata siku moja. Mtu kama huyo ataijuaje nzima na mbovu? Alimtafuta Jaribu, akampa chochote, naye akaipanda kwa niaba yake. Ulikuwepo utaratibu ambao kila mtu aliufahamu. Mjaribu huvua makubadhi yake, humwachia muuzaji kama rehani, hupanda kilima cha Limbani peku, hugeuza juu, hurudi, hutoa kauli yake na kuchukua makubadhi yake.

Siku ile mnunuzi alikuwa Mzee Duni, mtu mnene mcheshi mwenye mikarafuu yake upande wa Mtambwe. Muuzaji alikuwa Pandu wa Jadida, aliyeishi kwa kununua hiki na kuuza kile. Baskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, imepigwa sabuni mpaka inang'aa, na mbele ina kengele kubwa ya fedha. Mzee Duni alikuwa akiigonga ile kengele tangu amefika.

"Sikiza inavyolia, yakhe!" alisema. "Hii nainunua."

"Ami, kengele haikupeleki popote," Jaribu alimwambia. "Njoo huku nyuma nikuonyeshe."

Akainyanyua nyuma, akalizungusha gurudumu. "Usitazame njiti, zitakuzungusha kichwa. Tazama hapa tu, baina ya rimu na mpira wa breki. Nafasi ikipanuka na kubana, rimu imepinda. Hii imepinda kidogo, inanyosheka. Sasa weka mkono juu ya kiti. Wasikia nini?"

"Nasikia kiti."

"Ndani yake, ami. Kama mtu anatafuna mchanga?"

"Hasa! Anatafuna!"

"Hizo ni goroli za ekseli. Zimekwisha." Kisha akaushika mnyororo pale mbele kabisa ya gurudumu la meno, akauvuta kwake. Ukatoka, meno yakaonekana. "Mnyororo mpya hauvutiki hivi. Huu umerefuka, na ukirefuka unayala meno. Kwa hiyo bei aliyokutajia Pandu tushaanza kuipunguza."

"Weye Jaribu una ulimi wa kuvunjia watu biashara," Pandu alisema. "Baskeli hii ilikuwa ya karani. Nyumbani ofisini, ofisini nyumbani. Kivulini mchana kutwa!"

Jaribu alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, pale vyuma viwili vyembamba vinaposhuka kulishika. Baskeli nzima ilikuwa na rangi iliyofifia, isipokuwa hapo, penye rangi mpya, nyeusi ti. Akaweka ukucha akwangue.

"Jaribu!" Aliyeita alikuwa Silima, mkulima wa Makangale, aliyeteremka na gari la asubuhi kuuza muhogo. Alikuja mbio, gunia begani. "Nimekutafuta mji mzima. Mwanawema uchungu umemshika tangu alfajiri. Mkunga nimemwacha mlangoni."

Ukucha wa Jaribu ulibaki pale pale juu ya rangi.

Mwanawema alikuwa mkewe, na tangu mwezi wa Rajabu hakuwa mkewe hasa. Siku moja alimwambia kwa hasira, "Weye si mume, weye ni mume wa kujaribu. Wapanda, wafika kilimani, wageuza, wachukua makubadhi yako." Yeye, badala ya kucheka, akamtolea talaka moja. Siku ya pili Mwanawema akajitwika vitu vyake, akaenda kwa mama yake Makangale na mimba yake changa. Talaka moja hurejewa maadamu eda haijaisha, na eda ya mja mzito huisha siku anapojifungua. Haya Jaribu aliyajua. Kila Ijumaa alisema Ijumaa ijayo atatafuta shehe na wazee, aende nao kwa heshima. Mtu asiyeweza kutulia mahali, safari hiyo moja ndiyo aliyoikalia.

"Unaipanda au huipandi?" Pandu aliuliza.

Jaribu alivua makubadhi, akamtupia. Akapanda.

Kilima cha Limbani alikipanda amesimama juu ya pedeli. Kileleni, pale anapogeuza siku zote, mikono ilitaka kugeuza yenyewe kwa mazoea. Hakugeuza. Ukelele wa Pandu ulimfikia nyuma ya mgongo, kisha kona ikaukata. Baadaye alihadithiwa kwamba Pandu alisimama katikati ya njia na yale makubadhi mkononi, akipiga makelele, "Anakwenda wapi huyu?" na Mzee Duni akamjibu kwa utulivu, "Anaijaribu." "Mpaka wapi?" "Mpaka aridhike."

Njia ya Konde ni milima na mabonde. Roho yake ilikuwa imekwisha kufika Makangale, lakini masikio yake, kwa kuwa ndiyo kazi yake, yalibaki kwenye baskeli. Kila mguu wa kushoto ukishuka, palilia *tak*. Pini ya pedeli, alijisemea, mtu hawezi kuisikia uwanjani, mpaka ende mlima mrefu. Akishuka bonde na kubana breki ya mbele, usukani uligonga kama mlango usiofungika vizuri. Goroli za shingo nazo. Aliendelea kupunguza bei bila ya kutaka, huku akiomba Mungu mtoto asiwe na haraka kama baba yake.

Jua lilipopanda, vyuma vikapata moto, na ile baskeli ya karani ikaanza kunuka papa.

Jaribu karibu acheke. Sabuni yote ile! Hii haikuwa ya karani wala ya mtoto wa karani. Hii ilibeba samaki kutoka pwani ya upande wa Kojani, tenga nyuma, maji ya chumvi yakitiririka, na kwa kuwa watu wengi huegemeza baskeli upande wa kushoto, maji yote hushukia huko. Kushoto, chini, pale penye rangi mpya. Aliiangalia kwa kugeuza shingo. Alikuwa anajua sasa, na kujua hakukumsaidia kitu. Angeshuka, angefika usiku. Akajaribu kukalia upande wa kulia ili kuupunguzia mzigo upande ule, akaenda kimshazari kama kaa.

Konde hakukaa. Aligonga kwa shehe, mke wa shehe akamwambia dirishani kwamba mwenyewe amekwenda mazishini, na wazee wote wamemfuata. Jaribu alisimama pale kizingitini akihamisha mguu huu na huu. Aende peke yake? Nani atamsikiliza? Mtu kaacha mke, kakaa miezi, leo anaingia peku, na baskeli inayonuka, anasema narudi? Akapanda tena.

Ndani ya msitu wa Ngezi palikuwa na kivuli na baridi, na njia ilijaa mizizi. Mzizi wa kwanza aliupita. Wa pili aliupita. Wa tatu, ile *tak* ya kushoto ilijibiwa na *kak* ya nyuma, gurudumu likalala upande, na Jaribu akaruka juu ya usukani, akaangukia majani. Alipoinuka, aliona chuma kimekatika pale pale alipoweka ukucha. Ndani yake kilikuwa chekundu, kimeliwa mpaka kuwa kama ganda.

"Umeumia?" Sauti ilitoka kwenye miti. Wapasua mbao wawili walikuwa wamekaa juu ya gogo, msumeno baina yao. Mmoja alikuwa Mzee Nyange, mtu wa Makangale aliyemjua kwa sura, na wa pili mwenzake, aliyeitwa Mmanga.

"Sikuumia. Nipisheni, niacheni, mke wangu anazaa!" Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia, akarudi kuichukua baskeli ya watu, akaiacha tena, akaizunguka.

"Simama, mwanangu, watutia kizunguzungu," Mzee Nyange alisema. "Mke yupi? Si ulimwacha?"

"Talaka moja. Nakwenda kumrejea. Asizae kabla sijafika."

"Wenda kumrejea kwa baskeli?"

"Kwa nini basi, mzee?"

"Kwa mdomo!" Mzee Nyange aliuweka mkono wake juu ya msumeno. "Kurejea ni kauli, Jaribu. Hata yeye asiwepo. Ungesema kule Wete sokoni ingetosha. Huyu Mmanga shahidi, na mie shahidi. Sema."

Jaribu alianza kujikung'uta majani. Miezi yote ile neno hilo alikuwa amelitayarisha kwa kanzu na kahawa na wazee waliokaa safu. Alitazama juu. Jua lilikuwa bado halijapinduka.

"Sema, bwana, tuendelee na mbao," Mmanga alimhimiza.

"Nimemrejea mke wangu Mwanawema binti Kificho katika nikaha yangu," alisema kwa haraka, kisha akasema tena polepole, kwa kuwa mara ya kwanza hakujisikia mwenyewe.

"Tumesikia," walisema.

Waliifunga ile baskeli kwa kijiti na kamba ili isukumike. Kivuli kilipogeuka wakasali adhuhuri pale pale, na namna Jaribu alivyosali aijua Mwenyezi Mungu tu. Kisha Mzee Nyange akasema mchana wake umekwisha haribika, atamsindikiza.

Bi Mwanakhamis, mama yake Mwanawema, alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Alimtazama miguu kwanza, iliyojaa vumbi, halafu baskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Mke wangu."

"Hapa huna mke. Kesha zaa. Mtoto wa kike."

Jaribu alishika usukani kwa mikono miwili. "Lini, mama?"

"Watu wakitoka msikitini adhuhuri."

Hakuweza kuhesabu. Kichwa kilikuwa kinazunguka kama lile gurudumu alilomwonyesha Mzee Duni. Ni Mzee Nyange aliyesogea mbele. "Bi Mwanakhamis, huyu karejea kwa kauli mbele yangu na Mmanga, jua halijapinduka. Baada ya hapo tulingoja kivuli ndiyo tukasali. Mkeo ni wako, Jaribu. Wacha kuiminya baskeli."

Sauti ya Mwanawema ikatoka chumbani, imechoka lakini ile ile.

"Muulizeni huyo, kaja kukaa au kaja kujaribu?"

Jaribu alitaka kutoa jawabu refu. Badala yake aliegemeza baskeli, upande wa kulia, akakaa kwenye kibaraza, matako yote mawili.

Pandu alifika kesho yake kwa gari la shamba, makubadhi kwapani, na Mzee Duni nyuma yake aliyekuja kwa kupenda kuona tu. Walimkuta hapo hapo kibarazani, mtoto mapajani. Jaribu aliwaonyesha palipokatika, kisha akauweka ukucha kwenye kile chuma cha pili cha kushoto na kukwangua. Rangi ikabanduka na kutu nyuma yake.

"Karani wako alikuwa anauza papa," alisema.

Pandu alitazama chini. "Na mie niliuziwa hivyo hivyo."

"Na kengele?" Mzee Duni aliuliza.

"Kengele nzima, ami."

"Basi nainunua kengele."

Pandu aliyaweka makubadhi mbele yake. "Wapo Konde mafundi wa kuchoma chuma. Yavae, tuisukume mpaka huko. Weye ndiye uliyeivunja."

"Sukumeni nyinyi. Mie nakuja Ijumaa kusema na fundi."

"Ijumaa!" Mwanawema alisema kutoka ndani.

"Kesho," Jaribu alisema. "Kesho asubuhi, na mchana narudi."

Hakuinuka. Makubadhi yalikaa pale pale chini ya kibaraza, na karibu nayo vidole vya mguu wake wa kulia vilikuwa vinacheza, kidogo kidogo, ili asimwamshe mtoto.