Ngumi za Polepole

Enzi zetu sinema haikukaa mfukoni mwa mtu. Ilikuja kwa gari, mara moja moja, na siku ikija landhi nzima, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, ilioga mapema. Wenzangu mliokulia kwenye vile vyumba vya mstari, vyenye bomba moja la maji kwa watu wote na moshi wa makaa ya mawe uliochafua kila nguo iliyoanikwa, mtanisaidia kukumbuka. Shuka jeupe lilifungwa kwenye ukuta wa bafu. Giza likianza tu kuingia, sisi watoto tulikuwa tumeshakaa kwenye vumbi, mbele kabisa, tukinukia sabuni ya kipande. Kwanza picha zilitufundisha kunawa mikono na kuchimba choo. Tukivumilia hayo, tulipewa filamu ya kauboi.

Sasa, mara ya kwanza gari lilipokuja kwetu, jenereta yake ilikuwa inaumwa. Ilikohoa kama mtu mwenye pumu, na picha zikaenda polepole. Sauti za Wazungu zikawa nzito kama za fahali. Wawili walipoanza kupigana, ngumi ilitoka kifuani kwa mmoja ikasafiri hewani taratibu, na yule mwingine akapata nafasi ya kuiona, kuifikiria, kuinama na kuipisha. Hata kofia ilianguka kwa raha zake. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri hivyo. Hakuna mtoto wa landhi aliyejua kwamba mashine ilikuwa imechoka. Sisi tuliamini mabingwa hupigana hivyo, na kwamba haraka ni ya walevi.

Basi tukaanza mazoezi, mimi na Nasimiyu, binti wa baba yangu mdogo. Baba alikuwa fayaman, kazi yake kulisha injini makaa. Baba mdogo alisafisha injini hizo hizo pale loko, karakana ya treni. Milango yetu ilitazamana, kwa hiyo ua ulikuwa wetu. Sheria ya mchezo ilikuwa mkono usisimame na usiguse. Mwenzako akija na nguvu humzuii. Unageuka kidogo tu, nguvu zake zinapita na kuishia hewani, naye anabaki akishangaa. Mkono uliomaliza kupiga unazunguka na kuwa mkono wa kukinga. Hayo hakuna aliyetufundisha.

"Nyinyi wasichana, maji imeisha kwa mtungi na mnacheza vita!" Mama alitukemea kila mara. "Nani ataoa watu wa ngumi?" Hadi anamaliza kugomba, ngumi yangu bado iko njiani.

Gari liliporudi na jenereta mpya, watu wakapigana chapuchapu kama kuku, tulimzomea mwenye mashine. "Punguza! Umeharibu sinema!" Maskini hakuelewa kosa lake lilikuwa nini.

Kisha ngumi ya kweli ikaingia nyumbani. Kwetu wanaume wa nyumba moja walikula ugali mmoja, na kila Jumapili baada ya kanisa Baba na Baba mdogo walikaa uani, sinia katikati, wakimega na kubishana juu ya nyama. Babu alipougua kule Bungoma, Baba akataka mdogo wake aache kazi akaangalie boma. "Wewe ndiye mkubwa," Baba mdogo akamjibu, "si uende wewe?" Walijibizana pale bombani, mbele ya wanawake na ndoo zao, mpaka Baba akampiga mdomoni. Haikuwa polepole. Baba mdogo aliinama, mkono mdomoni, na alipouondoa jino la mbele halikuwepo.

Tangu siku hiyo ugali ukawa wa sinia mbili. Mama alisonga wake, Mama mdogo akasonga wake, na ua tuliouchezea ukawa mpana kuliko uwanja wa mpira. Haukupita muda Baba mdogo akaacha kazi ya loko. Alikuwa amepata kazi ya trekta kwenye shamba la ngano la Mzungu huko Mau Narok, na lori lingewachukua wote Jumatatu. Kwa mtoto wa landhi, Mau Narok ilikuwa mbali sawa na Ulaya. Nililia nikichota maji, nikalia nikiosha vyombo. Nasimiyu ndiye dada niliyekuwa naye, sikuwa na mwingine.

Jumapili ile ya mwisho tulicheza kwa mara ya mwisho. Baba alikuwa kwenye kigoda mlangoni kwetu, Baba mdogo mlangoni kwao, kila mtu akijifanya hamwoni mwenziwe. Nilituma ngumi yangu taratibu kama kawaida. Nasimiyu hakuipisha. Alipeleka mkono mdomoni, polepole, akainama vile vile baba yake alivyoinama bombani. Nilijua leo tutachapwa mpaka tukome.

Baba akainuka. "Si hivyo," alisema, akavuka ua mpaka mlangoni kwa ndugu yake. Baba mdogo naye akasimama, amekaza taya. Baba akakunja ule mkono wake wa makaa, akauanzisha polepole kabisa, kama tulivyofanya sisi.

"Pisha," akasema. "Hata kama nimechelewa kukuambia. Pisha, ndugu yangu."

Baba mdogo akageuza uso taratibu. Ngumi ikapita karibu na shavu lake, ikafunguka, ikatua begani. Ikakaa hapo hapo. Mama aliingia ndani akatoka na ile sufuria kubwa, na mchana huo ukasongwa ugali mmoja.

Lori lilikuja Jumatatu vilevile, maana kazi ilikuwa imeshaachwa. Lakini kila Krismasi walishuka na magunia ya viazi, na Nasimiyu akiwa juu ya magunia hayo.

Juzi mjukuu wangu aliweka filamu ya Kichina. Mzee mwenye ndevu nyeupe na nguo pana alikuwa akiwashinda vijana bila haraka, mikono ikizunguka kama anapembua mtama.

"Shosho, hii inaitwa tai chi," akaniambia. "Cheki vile anawachapa bila kutoa jasho!"

Filamu zake zingine huwa siziwezi. Watu wanaruka juu ya mapaa, huoni nani kampiga nani. Hii niliipenda kwa sababu unaiona ngumi ikizaliwa, na unapata muda wa kumwonea huruma anayepigwa. Vijana wa leo hawana muda huo. Tusi linaandikwa kwa kidole gumba na kufika Mombasa kabla hasira haijapoa. Letu lilikwenda kwa miguu, na mara nyingi lilichoka njiani.

Nasimiyu alikuwa kando yangu, ameshuka kutoka Mau Narok kuja kliniki. "Huyo si ni sisi?" akauliza. Tukainuka kwa kushikilia viti, na mjukuu akatoa simu kuturekodi.

"Shosho, ongezeni spidi!"

Tungeitoa wapi? Safari hii jenereta zinazoumwa ni sisi wenyewe. Ngumi yangu iliondoka kifuani, Nasimiyu akaiona, akaifikiria, akageuza uso. Mkono ukafunguka ukatua begani kwake. Chini ya sweta nilihisi mfupa, mwembamba mno. Nikauacha mkono hapo.

Mjukuu alikuwa bado ameshika simu, akingoja tupigane.