Chewa, Uteme Mwezi

Tangu nihitimu chuo pale College Park, huku Marekani, nilikuwa nalala sebuleni kwa shangazi, Wheaton, nikiomba kazi kila mahali. Hatimaye nikaitwa kwenye usaili wa kipindi cha televisheni kinachowafuata wanaharakati baharini wakizifukuza meli za wawindaji wa nyangumi. Walitaka msaidizi wa kulipwa kwenye meli ya wanaharakati hao.

"Umesoma kote huko uje umlilie samaki?" shangazi akauliza.

"Nyangumi si samaki, shangazi. Ananyonyesha."

"Na mbuzi ananyonyesha. Idi ukimla hulii."

Njia nzima hadi Riverdale Park nilikuwa nikijibizana na yule mbuzi kichwani.

Usaili ulikuwa kwenye ukumbi wa kukodi. Mtayarishaji wa kipindi alitutaka sisi waombaji tulie kwa ajili ya nyangumi. Mmoja alirudishwa alie upya, kwa kuwa chozi lilitoka jicho lisiloelekea kamera. Zamu yangu ilipofika akaniuliza: "Kwenu pwani, nyangumi mnamwimbia nini?"

Hatumwimbii kitu. Lakini nilihofia nikisema hivyo nitaiaibisha pwani yote, Lamu hadi Kilwa. Nikazitoa kelele za utotoni, za usiku mwezi ukipatwa, tulipoambiwa chewa, yule samaki mkubwa, ameumeza. "Ewe chewa, uteme mwezi!" Nikagonga kiti, kama tulivyogonga masufuria ili aogope.

Ukumbi mzima ukalia, safari hii bila kuombwa.

Akaitwa mtafsiri, Mmarekani Mweusi mtu mzima aliyejifunza Kiswahili darasani, Kiswahili safi kuliko changu. Alinitazama kwanza.

"Ndugu yangu, huyu samaki si mnamfukuza?"

"Shikamoo, mzee. Naitaka sana hii kazi."

"Marahaba." Akamgeukia mtayarishaji, akazitafsiri zile kelele za chewa neno kwa neno.

Nikafumba macho. Nilipofumbua, mtayarishaji alikuwa ameshika kifua. Alisema hajapata kusikia maombolezo mazuri namna ile. Kazi nimepata, na kila nyangumi akionekana, meli nzima itapiga kelele hizo. Masufuria watanunua.

"Lakini nyangumi atakimbia!" nikamnong'oneza mzee.

"Si ndicho mnachotaka? Akikimbia, wawindaji watampata wapi?"

Nilitafuta kasoro ya jibu hilo, nikalipindua huku na huku, na nilikuwa bado naitafuta nilipowekewa kalamu mkononi nisaini mkataba.