Bunduki Iliyopigwa Tupa

Niliondoka Ntinda, hapa Kampala, asubuhi bila kujua ninakwenda wapi. Begi lilikuwa begani. Viatu vya kampuni nilikuwa nimeviacha chini ya kitanda, na kitanda chenyewe tayari kilikuwa na mtu mwingine. Kampuni ya ulinzi hukupa kazi na malazi pamoja. Ukipoteza kimoja umepoteza vyote.

Nilikuwa mlinzi wa duka kubwa. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Kwenye mafunzo, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita afande, ambaye pia alikuwa msimamizi wetu, alituonyesha maandishi madogo kwenye chuma cha bunduki. "Hii ina mama na baba," alisema. "Mama ni kiwanda kilichoizaa huko ng'ambo. Baba ni serikali iliyoipokea ikaipiga mhuri. Ukiona bunduki haina wazazi, ujue imeruka mpaka." Nilimpenda kwa maneno yale. Mimi ninayedaiwa kitambulisho kila ninapofika, nilifurahi kusikia kwamba hata bunduki huulizwa kwao.

Ndiyo maana wakati wa kubadilishana zamu tulikuwa na desturi. Anayetoka husoma namba ya bunduki kwa sauti, anayeingia huisoma tena, ndipo huipokea.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, dada wa zamu ya mchana alinipa bunduki ngeni. Ile yetu imeharibika, alisema, afande ameleta hii. Akataja namba haraka haraka, macho barabarani. Ilikuwa namba ya ile ya zamani. Nikaigeuza kwenye taa ya duka. Mahali pa namba pamepigwa tupa, pameng'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mhuri wa serikali nao haukuwepo.

"Dada, namba umeisoma wapi?"

"Kichwani. Sema na wewe niende, watoto wananingoja."

"Siioni."

"Kwani umeajiriwa kukagua dunia nzima? Sema, kaka!"

Sikusema. Nilimpigia afande simu, akaja na boda, uso umekunjamana.

"Kijana, bunduki ni bunduki. Kazi yake kulinda."

"Afande, wazazi wake wako wapi?"

Dada aliangua kicheko, akaziba mdomo. Afande hakucheka. "Umekula chakula cha kampuni, umelala kitanda cha kampuni. Taja namba, au kesho ukalale kwa wazazi wako wewe."

Watu hudhani sheria za biashara ya silaha ni mambo ya mawaziri na mikutano ya hotelini. Mimi nimeziona zikifika hadi mdomoni mwa mlinzi wa duka. Serikali zitie saini zinavyotaka. Nikitaja namba isiyopo, bunduki ile imepata wazazi, na aliyeipa ni mimi. Ikiua mtu, aliyeiuza na aliyeipitisha mpakani watalala usingizi. Basi nilifunga mdomo. Afande akaichukua yeye mwenyewe, akamruhusu dada aende, akaniambia jua likichomoza nisionekane kwenye kambi ya kampuni.

Asubuhi, njiani, niliingia kituo cha polisi nikaeleza yote. Askari alinisikiliza mswaki ukiwa mdomoni, akasema watapita pale dukani. Nikamwambia nitarudi kuuliza kama walipita. Nikateremka hadi Nakivubo, nikasukumwa na wabeba mizigo, nikapanda kilima cha Kibuli kwa sababu tu sikuwa nimewahi kulala huko.

Mama mmoja Mnubi, wa kuitwa hajati kwa heshima ya Kiislamu, alikuwa kibarazani akisuka kikapu. Nikamuuliza kuhusu chumba.

"Kazi yako?"

"Nilikuwa mlinzi, hajati. Nimefukuzwa."

"Umeiba?"

"Nimekataa bunduki."

Mikono yake ikasimama. "Babu yetu aliletwa hapa kutoka Sudan amebebeshwa bunduki ya Mwingereza. Mpaka leo watu wanatuuliza sisi tumetoka wapi. Bunduki haijaulizwa hata siku moja." Akanyoosha kidole kwenye mlango wa mwisho. "Choo kiko nyuma. Pombe sitaki. Wasichana pia sitaki."

Nilikuwa sijaweka begi chini simu ilipolia. Afande.

"Kijana, usiwe mjinga. Rudi, kitanda chako kipo. Ni kutaja namba tu."

"Itaje wewe, afande. Iangalie bunduki, unisomee. Nakusikiliza."

Nilingoja mpaka akakata simu, nikaweka begi chini, nikamwomba hajati ufagio.